Miguu ya Kwenda Kasenyi

Kama miguu yako imeingia ganzi na watu wa nyumbani wameanza kuulizana ulikula kwa nani, soma haya kabla hujakunywa kikombe cha kwanza watakachokuletea. Mimi nilikunywa. Miguu yangu imerudi, si yote, lakini inanifikisha sokoni na kunirudisha. Kuna mwenzangu ambaye hakurudi, na habari za ugonjwa wangu siwezi kuzieleza bila kumtaja yeye.

Naitwa Masika. Wazazi wangu walitoka Butembo wakaja Bunia kuuza vitenge nikiwa bado nabebwa mgongoni. Hapa ndipo niliposoma, nikaolewa na Kasereka, fundi wa pikipiki, na nikapata kazi ya usekretari katika shule moja ya sekondari. Furaha alikuwa mwalimu wa michezo shuleni hapo. Alizaliwa Kasenyi, kule chini kwenye Ziwa Albert, na alikuwa na mabega ya mtu aliyekulia majini. Yeye ndiye aliyenitia wazimu wa michezo mitatu kwa mpigo: unaogelea, unapanda baiskeli, unakimbia, vyote siku moja bila kukaa chini. Alikuwa amesikia kwamba upande wa Uganda kuna mashindano ya namna hiyo na wanawake wanakubaliwa. "Siye pia tuko na miguu," aliniambia. Hoja yake ilikuwa hiyo tu, nami nikaona inatosha.

Wiki yetu ilipangwa kuzunguka kazi. Jumatatu tulikimbia alfajiri kutoka mtaa wa Lumumba, tukizunguka mitaa kabla pikipiki hazijaijaza, kisha nikaoga kwa nusu ndoo na kukaa mbele ya kompyuta nywele zikiwa bado mbichi. Prefe, yaani mkuu wa shule, alipita akivuta pua, akitafuta jasho. Jumanne na Alhamisi, kazi ikiisha, tulipanda baiskeli upande wa Mbunya na kurudi kabla giza halijaingia, maana barabara ya Komanda tuliiogopa na askari wa jioni wana maswali mengi. Jumatano tulifanya mazoezi ya tumbo katika darasa tupu, tukiwa tumesukuma madawati ukutani. Ijumaa nilifua. Jumamosi, kama barabara ilikuwa tulivu, ndiyo ilikuwa sikukuu yetu: tuliteremka Kasenyi kwa baiskeli, tukaogelea mpaka vidole vikakunjamana, tukapakia baiskeli kwenye lori la samaki lituvushe mlima, na kutoka Bogoro tukazipanda tena hadi nyumbani. Jumapili nilisinzia kanisani na mama yangu akanifinya.

Mama hakupenda. Nilikuwa sijazaa, na yeye alishaamua kwamba kiti cha baiskeli ndicho kinachonikausha. Kasereka alicheka tu na kutia mafuta kwenye minyororo yetu. Miezi ile nilikuwa na mwili ambao nilikuwa nikiutazama kwenye kioo kwa siri, kama msichana aliyenunuliwa viatu. Sioni aibu kusema nilijipenda.

Furaha alikuwa na kitu kimoja nilichomtania nacho kila Jumamosi tulipovua nguo za nje. Tumbo lake upande wa kushoto, chini ya mbavu, lilikuwa gumu na limeinuka. Nilimuuliza ni mwanariadha gani huyu mwenye tumbo la mheshimiwa. "Hii iko tumbo ya ziwa," alinijibu. "Kwetu wote tuko nayo." Kweli, ukikaa ufukweni ukawatazama watoto wa Kasenyi, unayaona matumbo hayo yakikimbia kila mahali. Kule hakuna anayeuliza. Tulicheka, tukaingia majini.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu halihitaji. Ukimpa mtu kinywaji, unakifungua mbele yake, unaonja wewe kwanza, ndipo unampa. Tunasema umetoa sumu. Hata mama mkwe anaonja, hata mchungaji. Asiyeonja anaambiwa ana haraka ya nini. Lakini watu wawili wanaopanda baiskeli mlimani hawana adabu hiyo. Mwenzako akiona umekauka anakunyoshea chupa mkiwa mnaenda, unapiga mafunda mawili, unamrudishia. Jumamosi moja, pale Bogoro, penye wauza samaki wengi, Furaha alininyoshea chupa yake ya maji ya marakuja, matunda ya pasheni. Sikusimama. Nilikunywa yote na chupa nikaibeba mimi. Mama mmoja jirani yetu, muuza samaki, alikuwa amekaa pale na beseni lake. Alitupungia mkono.

Ganzi ilianza majuma machache baadaye, mvua zikielekea kukatika. Kwanza nyayo zikawa zinawasha kwa ndani, mahali ambapo huwezi kukuna. Kisha mgongo ukauma, chini kabisa, nikadhani ni tandiko la baiskeli. Jumatatu nilikimbia na Furaha, na karibu na shule mguu wa kulia ukakataa kuinuka. Nilianguka kifudifudi mbele ya wanafunzi. Walicheka, nami nikacheka nao, nikaenda kuandika barua za prefe. Siku hiyohiyo nilikaa chooni muda mrefu na mkojo haukutoka.

Kituo cha afya cha kwanza walisema malaria na tifoide. Cha pili wakasema tifoide na malaria. Nilitundikiwa serumu mpaka mishipa ikajificha. Ninachokumbuka zaidi ni mabenchi. Kwenye benchi la kungojea daktari huinuki. Unasogeza matako nafasi moja kila mtu wa mbele akiitwa, na wote wanasogea kwa pamoja bila kuangaliana. Siku moja yule wa mbele yangu aliitwa na mimi sikusogea. Niliiambia miguu, ikanyamaza. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu, mwenye mtoto wa homa, alinisukuma kidogo kwa kiwiko, kisha akatazama miguu yangu, akaelewa. Alimruhusu mwingine apite, naye yule akapita, na wote wakaendelea kusogea wakinizunguka. Nilikaa hapo katikati mpaka Kasereka alipokuja kunibeba.

Ndipo mama yangu alipohamia kwetu na godoro lake. Hakuuliza ninaumwa wapi. Aliuliza, "Ulikula kwa nani?" Nikamjibu kwamba nilikula nyumbani kwangu. Akaanza kuwapitia watu mmoja mmoja, na habari ikazunguka mtaani mpaka ikamfikia yule muuza samaki. Alikuja jioni, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema aliyoyaona Bogoro. Mama akanigeukia. "Ule binti alionja?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilisema ukweli, kwamba kwenye baiskeli hakuna anayeonja. Mama akapiga makofi mara moja, taratibu, kama anayepangusa unga mikononi. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema. Tangu hapo ugonjwa wangu ulikuwa na jina, karuho, ile sumu ya polepole ambayo kwetu Butembo inatajwa kwa sauti ya chini. Wanasema hospitali haiioni, na kila sindano unayodungwa inaiongezea nguvu. Kwa hiyo kila mtu akakubaliana kwamba nisipelekwe hospitali.

Mganga aliletwa kutoka upande wa Beni, mwanamke mnene, mpole, aliyenawa mikono vizuri kuliko wauguzi wote niliokutana nao. Dawa yake ilikuwa nyeusi na inanuka majani yaliyooza. Nilimwambia mama sinywi. Aliniinua shingo kwa mkono mmoja, kikombe kikiwa kwenye mkono wa pili, na machozi yake yakaniangukia usoni. Miguu yangu ilikuwa imelala kitandani kama mali ya mtu mwingine. Nilikuwa nimeogopa kwa majuma mengi na hapa palikuwa na mtu mwenye hakika. Nikanywa. Nilitapika mpaka nikadhani nitatapika utumbo, na yule mwanamke akalitikisa beseni, akaonyesha povu fulani la kijani, akasema ndiyo hii. Mama alimwita Kasereka aje aone. Alikuja, akatazama, akarudi kwenye pikipiki zake.

Sikujua nilichokuwa nimefanya. Kwetu kunywa dawa ya karuho ni kumshtaki mtu, hata kama mdomo wako haukutaja jina. Na ukitapika, kesi imekwisha.

Furaha alikuja kunisalimu na samaki mkubwa aliyefungwa kwenye jani la mgomba. Mama alimpokea mlangoni, akamshukuru, akamfungua samaki na kuwatupia mbwa wa jirani mbele ya macho yake. Mbwa walikula wakalamba midomo. Walikula vizuri sana, na niliwaona kupitia dirisha siku zote zilizofuata wakiwa wazima, wakibweka. Mama alisema karuho haina haraka na mbwa. Furaha alisimama uani kwa muda, akaniita jina langu kupitia ukuta. Niliitikia, na mama akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa.

Shuleni wazazi walimwendea prefe, wakasema hawataki watoto wao wafundishwe na mwenye sumu. Prefe, ambaye ana diploma na miwani, alimwomba Furaha apumzike kidogo. Mwenye nyumba wake alisema chumba kinahitajika na ndugu yake. Sokoni wanawake walifunika masufuria alipopita. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Akafunga mizigo juu ya baiskeli yake akateremka kwao Kasenyi, kule kule ziwani.

Kilichonipeleka hospitali hatimaye ni tumbo. Mkojo ulijaa mpaka nikapiga kelele, na Kasereka, ambaye kwa siku nyingi alikuwa amenyamaza kama shahidi, alinibeba mgongoni bila kumwomba mama ruhusa. Walinitia sonde, mpira mwembamba wa kutolea mkojo, na ule mkojo ulipotoka nililia kwa raha. Sijawahi kupata raha kubwa kuliko hiyo, na nimeolewa. Halafu akaja daktari mfupi, mchovu, akanigonga magoti kwa nyundo ndogo. Alinitazama mabega. Akauliza, "Unaogeleaka wapi?"

Alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza niliogelea wapi na si nilikula kwa nani. Nilimwambia. Akaagiza choo changu kipimwe, na mayai yakaonekana. Kichocho, alisema, wadudu wa ziwa wanaoingia kwa ngozi. Kwangu walipotea njia wakaenda kwenye uti wa mgongo. Dawa ipo. Miguu inaweza kurudi na inaweza isirudi, na majuma niliyoyatapika kwenye beseni yalikuwa majuma ambayo yeye angeyahitaji. Aliyasema haya bila ukali. Kisha akasema kila niliyeogelea naye apimwe, hasa yule aliyezaliwa huko.

Mama alisikiliza yote na mikono yake kifuani. Tulipobaki wawili alisema, "Kama ni ziwa, batu ba Kasenyi bote bangetambaa." Na vidonge vilipoanza kufanya kazi, aliwaambia wageni kwamba dawa ya yule mama wa Beni sasa imefika kwenye mifupa.

Nilimpigia Furaha simu nikiwa bado hospitali. Nilimweleza habari za wadudu. Alisema vidonge hivyo anavijua, hugawiwa ufukweni kila baada ya muda, alishameza tangu utotoni, na kesho yake anafua nguo kwenye maji yaleyale. Nilimwambia nitakuja kwao, nitamwambia Kasereka anibebe, nitasema mbele ya watu wote kwamba hakunipa kitu.

"Usikuye na kubebwa," alisema. "Ukikuya na kubebwa, batasema angalia ile aliuwa nusu. Kuya na miguu yako, Masika. Ukule kwa mukono yangu pale soko, batu baone. Njo itaisha."

Alisema kweli. Aliyeshtakiwa sumu hasafishwi kwa maneno. Anasafishwa na yule aliyedaiwa kulishwa, akila tena kwa mkono wake mchana kweupe, na asiombe aonjewe. Na mtu anayekula akiwa amebebwa ni ushahidi wa upande wa pili. Kwa hiyo tangu siku ile sikuitaka miguu kwa ajili ya Uganda, wala kwa kazi, wala kwa Kasereka. Niliitaka ya kwenda Kasenyi.

Majira niliyapima kwa sonde. Kila ilipobadilishwa nilijua muda umepita. Vidonge vyeupe vya kuzuia uvimbe vilinipa uso wa mviringo kama sahani, chunusi za msichana, vinyweleo kidevuni, na njaa ya aibu. Nilikula chakula changu na cha Kasereka kisha nikamchukia kwa kuninyima zaidi. Mapaja yangu, yale niliyokuwa nikiyatazama kwenye kioo, yaliyeyuka mpaka ngozi ikaning'inia. Kiangazi kiliingia, vumbi jekundu likaja kulala nami kitandani, na kidonda kikafunguka juu ya makalio kwa sababu ya kulala. Kama unamlinda mgonjwa wa namna hii, mgeuze. Mgeuze hata akikutukana. Mimi nilitukana.

Shuleni kazi yangu alipewa mtu mwenye miguu. Na nyumbani, Kasereka, mtu wa kucheka, aliacha kucheka. Siku moja nilichafua mashuka aliyokuwa ametoka kuyafua. Alisimama akiyatazama, akasema kwa upole kabisa, "Nilioa mukimbiaji, sasa niko na muzigo." Akaenda kwa kaka yake. Nilibaki nimelala katika uchafu wangu, nikamtakia ajali. Asubuhi alirudi na ndoo ya maji ya moto, akaniosha, akanikata hata kucha za miguu, kidole kimoja kimoja, ingawa alijua sisikii. Hatujawahi kuizungumza siku hiyo. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, na nyumba yetu ilikuwa imejaa ndimi zilizojikwaa. Kwangu mimi zile kucha zilitosha.

Kidole ndicho kilichoanza. Kidole gumba cha mguu wa kushoto, mvua za kwanza zikipiga bati. Kilitikisika nami nikadhani ni panya. Nilimwita Kasereka nikamwambia akitazame, na kidole kikagoma, kama mtoto mbele ya wageni. Tulikingoja kwa muda. Kilipotikisika tena alikaa chini sakafuni akafunika uso.

Basi nikarudi kwenye mazoezi, na wiki ikapata siku zake tena. Jumatatu nilisimama nimeshika fremu ya mlango mpaka jasho likadondoka kidevuni. Jumanne nilisukuma kiti cha plastiki mbele yangu hadi jikoni. Jumatano miguu ilikataa kila kitu na mimi nikalia. Alhamisi jikoni na kurudi. Ijumaa nililala. Jumamosi Kasereka alinisimamisha barabarani na fimbo aliyoichonga kwa bomba la pikipiki, na watoto wa jirani walitembea nyuma yangu wakiiga mguu wangu wa kulia, unaoburuta. Waliuiga vizuri. Sonde ilitolewa. Nilikojoa mwenyewe, nikampigia Furaha simu kumwambia, kama mtu anayetangaza ubingwa, naye alicheka mpaka akakohoa.

Tulizungumza mara nyingi miezi ile. Aliuliza nimefika wapi: mlangoni, jikoni, barabarani, kanisani. Alisema atapika samaki na ugali pale sokoni, kwa sufuria kubwa ya mama yake, na atanilisha tonge la kwanza kwa mkono wake. Yeye mwenyewe alikuwa anachoka upesi. Tumbo lilikuwa limeongezeka, na muuguzi wa Kasenyi alimshika wengu akamwambia apande Bunia akapimwe kwa mashine, asingoje. Nikamwambia aje kesho. "Bunia?" alisema. "Nitalala kwa nani? Nitakunywa maji ya nani?" Nilisema kwangu. Sauti ya mama yangu ilikuwa inasikika nyuma yangu, ikiwaita kuku, naye Furaha akaisikia.

Nilimwendea mama. Nilitembea hadi kwake kwa fimbo yangu ili aone. Nilimwomba kitu kimoja, amwache Furaha aje alale kwetu siku chache apimwe hospitali, hata kama hatamsalimu. Alinitazama tangu usoni hadi miguuni. "Miguu hii nani aliirudisha?" aliuliza. "Miye njo nilikushika shingo. Akiingia hapa, miye ninatoka, na laana yangu inabakia kwa kiti." Ni mama yangu. Alikuwa amelala sakafuni karibu na kitanda changu muda wote wa sonde. Ninampenda, na sijui nimfanye nini.

Kwa hiyo haraka ikawa yangu. Nilikuwa nimefikia uwezo wa kutembea kutoka kanisani hadi nyumbani nikipumzika mara moja. Kasereka alikubali kunipeleka kwa pikipiki hadi mwanzo wa soko la Kasenyi, na kutoka hapo niende mwenyewe. Tulipanga siku ya soko. Barabara ikafungwa; kulikuwa na milio ya risasi huko njiani na askari wakarudisha watu. Tukapanga nyingine, ikafungwa tena. Nilifanya mazoezi uani nikizunguka mti wa parachichi kama ng'ombe aliyefungwa kamba. Furaha alisema asiwe na wasiwasi mtu, samaki hawaendi popote.

Habari aliileta yuleyule muuza samaki, na beseni lake kichwani, kabla hajalitua. Furaha alikuwa anafua ufukweni. Alitapika damu, akajaza nayo beseni la nguo, akatapika tena. Waliotafuta gari walirudi nalo akiwa ameshafunikwa kitenge. Muuza samaki aliyasema haya huku akinitazama miguu.

Mama alikaa chini. Hakufurahi, nisimsingizie. Alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo, akasema, "Sumu imerudia mwenyewe."

Jioni ile mtaa mzima ulikuwa na maneno hayo. Kesho yake walikuwa nayo sokoni, shuleni, na kanisani mtu alisimama akatoa ushuhuda juu yangu, kwamba Mungu amenirudishia miguu na amemlipa aliyenifanyia. Watu walipiga vigelegele. Nilisimama nikaeleza habari za ziwa, wadudu, mayai, daktari. Walinisikiliza kwa huruma, na mchungaji akaomba kwamba mabaki ya sumu yatoke pia kichwani mwangu.

Barabara ilifunguliwa siku za matanga. Nilivaa kitenge cheusi. Kasereka alinishusha mwanzo wa soko kama tulivyokuwa tumepanga, nami nikatembea. Nilipita katikati ya meza za samaki, fimbo ikizama kwenye mchanga, mguu wa kulia ukichora mstari nyuma yangu. Wanawake waliacha kuongea. Walijua mimi ni nani. Mtu mwenye uso wa sahani na fimbo ya bomba hakuna wa kumfananisha naye. Nilikwenda mwendo mrefu kuliko wote niliowahi kwenda tangu niugue, na sikupumzika hata mara moja. Furaha angeniambia nipunguze.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba, kichwa kimenyolewa, akizungukwa na wanawake wa ukoo. Nilipiga magoti, jambo ambalo miguu yangu hailipendi, nikampa pole. Kisha nikasema nilichokuja nacho, kwa sauti, ili wa mwisho kule nyuma asikie. Nilisema Furaha hakunipa sumu, ni ziwa lililonikata miguu, na ni ziwa hilohilo lililomuua. Nikasema nimekuja kula katika nyumba hii. "Munipe chakula, mama. Nitakula hivi hivi."

Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na sahani: ugali, samaki, mchuzi, na kikombe cha maji. Akaviweka mbele yangu. Nilinyosha mkono haraka, maana ndicho kitu pekee nilichokuwa nimekifanyia mazoezi.

Alinishika kifundo cha mkono.

"Ngoja," alisema. "Nionje kwanza."

Nilimwambia haina haja. Nilimsihi, nikasema mama, tafadhali, usionje kwa ajili yangu. Yeye alimega ugali, akauchovya, akala. Akachukua samaki, kipande cha kichwa na kipande cha mkia, akala vyote viwili taratibu, akitafuna huku ananitazama. Akanywa mchuzi kwa kijiko. Akanywa maji. Wanawake wote walikuwa wanatazama. Kisha akafuta mdomo kwa kitenge, akaisukuma sahani kwangu.

"Sasa ukule," alisema. "Ukifika Bunia, uambie mama yako nilionja."

Nilikula yote, hata mifupa niliilamba. Nilipomaliza nilinyanyuka mwenyewe kwa fimbo, nikaaga, na kama nilivyofundishwa nikangoja kidogo mtu ainuke kunisindikiza. Hakuinuka mtu. Nilirudi peke yangu katikati ya soko hadi alipokuwa Kasereka na pikipiki yake. Miguu haikuniuma popote.